Santuri ya Vijana wa Gereji

Hapana, sikuivunja. Najua ndiko mnakotaka kunifikisha. Kila mtu akisikia habari za ile santuri hunitazama mikono kwanza. Haikuvunjika, ilikunjika. Na aliyeikunja ni mie, lakini wallahi sikukusudia.

Ilikuwa zamu ya nyumba yangu kusomwa khitma. Tulikuwa tunakaa Tooting, huku London, flati ya kansili, yaani ya manispaa, ghorofa ya tatu, na sie wanawake wa Unguja na Pemba tulikuwa na mzunguko wetu: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, sambusa, visheti, halafu kusengenyana kidogo ili chakula kishuke. Kiongozi wetu alikuwa bibi mmoja mwembamba kama ufito, sauti inamtokea puani: "Nnnyumba yenye mmmizumari, mmmalaika hawaingii." Na mie santuri yangu ilikuwa juu ya kabati, imesimamishwa karibu na saa, kila mgeni anaiona. Nikasema leo nitasemwa mpaka kesho. Nikaichukua, nikaichomeka nyuma ya hita ya ukutani. Kulikuwa bado joto, hita imelala baridi kama jiwe la mtoni. Khitma ikasomwa, watu wakala, wakaenda zao. Nikasahau.

Sasa nyumba zile moto wake haukuwa mkononi mwako. Ukiwashwa huko chini, umewashwa kwa wote, utake usitake. Baridi ilipoingia, hita ikawaka mchana kutwa. Nilikuja kukumbuka siku nafuta vumbi. Nikapenyeza mkono, nikatoa kitu kimejikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni.

Nilimwonyesha mume wangu huku nalia. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande huu, akasema kwa ule upole wake wa Mombasa: "Basi. Ishakwenda hiyo. Usijitese." Akaitia kwenye taka mwenyewe, kwa mkono wake. Nikasema, lo, mie nimepata mume mwema.

Ngoja niwaambie ilikuwa santuri gani, maana nyie mkisikia santuri mnadhani taarabu. Siyo taarabu. Ilikuwa sahani ndogo, ya wimbo mmoja huku na kelele tupu huku, karatasi yake ya katikati rangi ya njano. Mie kusoma sijui, niliijua kwa unjano. Waliipiga vijana wanne wa Mombasa miaka ile ya sitini, na walikuwa wanafanyia mazoezi ndani ya gereji ya Muhindi mmoja, baba wa mpiga ngoma wao. Mchana wanatengeneza malori, jioni wanafunga mlango wa mabati, wanawasha magitaa ya umeme, na mtaa mzima unaomba Mungu stima ikatike. Yule baba Muhindi mwenyewe alikuwa anasimama nje anapiga mabati kwa spana: "Haya! Haya! Gari ya watu itapasuka vioo!" Mwanawe kupiga ngoma alimwachia, alisema ni mazoezi ya mikono. Lakini kuimba, a-a. Kuimba kwake ilikuwa kazi ya watu wa kutunzwa vishilingi kwenye harusi, na yeye hakuzaa mtoto wa kutunzwa.

Wakaenda Nairobi, wakarekodi. Wakarudi na makasha ya santuri, wakidhani watakuwa watu wakubwa. Nani kanunua? Hapana mtu. Wazee walisema hawa wana homa, vijana wenzao walitaka za Ulaya. Redioni ilipigwa mara moja tu, tena adhuhuri, na mume wangu hakuisikia kwa sababu alikuwa chini ya lori. Mwaka mmoja baadaye bendi ikafa. Makasha yakabaki gerejini, wakawa wanaweka mafuta ya grisi juu yake.

Moja ilifika kwetu. Sie tulikuwa tumekimbia Unguja baada ya mapinduzi, tunakaa Mombasa kwa kaka yangu, chumba kimoja watu saba, na kaka alikuwa na gramafoni. Ile sauti, jamani. Kijana anagonga mlango ndani ya wimbo, anamwambia msichana nifungulie, nifungulie, mara anaimba, mara analia, mara anapiga ukelele kama amekanyaga kaa la moto. Mie nilikuwa mwari, sitoki nje. Nikasema mtu akinigongea hivi, nafungua, potelea mbali.

Kaka akanionyesha picha. Vijana wanne, ngoma nyuma, na mbele kabisa, mdomo kwenye maikrofoni, kijana mrefu mweusi wa kupendeza. Kaka akasema, "Huyu ndiye mwenye sauti." Mji mzima ukisema hivyo. Huyo ndiye alikuja kunioa.

Na hakuniimbia hata siku moja. Nilimwomba usiku wa harusi, akacheka. Nilimwomba watoto walipozaliwa, angalau awabembeleze. "Nimeacha mambo hayo," anasema. Nikadhani ni dini. Basi nikawa namwimbia mie kumchokoza, kwa sauti ileile ya santuri, na ukelele wake, huku naosha vyombo. Mie sauti ya mtu nikiisikia mara mbili nimeshaikamata. Nawaigiza wote: imamu, dereva wa basi, bibi wa khitma, msimamizi wangu wa ofisi nilizokuwa nafagia, Mganda mmoja aliyekuwa akisema "Mama, hapa bado panang'aa vibaya." Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mume wangu nikiigiza ule wimbo hakuwa akicheka. Alikuwa anatoka kwenda kuvuta sigara.

Basi. Mwaka ule watu walipokuwa wanasema kompyuta zote za dunia zitakufa siku moja, kompyuta hazikufa, akaanguka yeye. Alikuwa kazini kwenye ghala huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, anapakia masanduku. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa nusu, na maneno yakaondoka yote. Yote. Siyo kwamba alikuwa anasema vibaya. Alikuwa anafungua mdomo, anakutazama, na hakitoki kitu, kama mfereji uliokatwa maji.

Walimrudisha nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Na mie sasa, nyumba haijawahi kuwa kimya tangu niingie, nikaanza kuzungumza kwa niaba yake. Namuuliza kwa sauti yangu: "Bwana wee, chai iwe na tangawizi?" Najijibu kwa sauti yake: "Tia, tia, lakini kidogo." Binti yangu akinikuta hivyo anashika mlango, ananiambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu: "Mama, tafadhali, acha. Inatisha." Sikuacha.

Mpaka siku moja asubuhi. Namvisha soksi, nikajiuliza swali, nikafungua mdomo nijijibu kwa sauti yake, ikatoka sauti ya imamu. Nikajaribu tena, ikatoka ya kaka yangu. Nikakaa chini sakafuni na soksi mkononi. Mie, ambaye nina sauti za watu waliokufa kabla hamjazaliwa, sauti ya mume wangu nimeipoteza. Miaka thelathini naisikia, imeniponyoka. Tukatafuta nyumba nzima: hatukuwa na kanda alimowahi kurekodiwa, video ya harusi ya binti yangu yumo lakini anakula tu. Mahali pamoja tu duniani sauti yake ilipowekwa, nilikuwa nimepachoma kwa hita.

Wakati huo tulikuwa tunaletewa binti wa kumfundisha kusema. Mzungu, mdogo, anadonoadonoa maneno kama kuku na punje: "Sasa. Tena. Tujaribu. Vizuri sana." Vizuri wapi, na yeye hajasema hata "aa"? Akatuambia ametengewa ziara sita. Kisha faili linafungwa, wapo wengine wanangoja. Ziara ya tatu akasema jambo. Akasema wapo watu kiharusi kimewachukua maneno lakini nyimbo hazikuchukuliwa, kwamba wimbo unakaa upande mwingine wa kichwa, na mtu asiyeweza kusema jina lake anaweza kuimba wimbo aliouimba ujanani. Akauliza: "Upo wimbo aliozoea kuimba?"

Nilisimama nikamshika mikono, maskini akaogopa. "Upo! Upo! Tena ulitoka kwenye santuri!"

Nilijaribu kwanza bila santuri. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikamwimbia nifungulie, na ukelele na vyote. Akageuza uso ukutani. Nikasema ni uchungu, anataka sauti yake mwenyewe, hataki ya mwanamke mzee anayeiga. Basi nitamletea yake.

Binti yangu akanipeleka kwenye duka la santuri kuukuu. Mwenye duka ndevu mpaka kifuani, ananuka karatasi za zamani, anavuta maneno kama anavuta kamba kisimani: "Jinaa la bendiii ni nani, mpenziii?" Wenyewe hapa kila mtu ni mpenzi, hata bibi wa kufa kesho. Jina sikuwa nalijua kulisoma wala kulisema sawasawa. Nikasema subiri. Nikaweka mkoba chini, nikamwimbia. Gitaa kwa mdomo, ngoma kwenye meza yake, na sauti. Watu wakaacha kupekua masanduku. Binti yangu akawa anasoma bango ukutani kwa bidii, kama hanijui.

Yule bwana akatoa miwani. "Gereji," akasema. "Hii ni bendi ya gereji! Afrika! Miaka ya sitini!" Nikamwambia naam, gereji ya Muhindi, nani kakwambia? Kumbe wao muziki wa vijana wenye kelele namna hiyo wanauita hivyo, hata uliopigwa jikoni. Akasema wako watu wazima, wana watoto, wanazunguka dunia wanatafuta sahani kama hizo. Ya kwetu hajawahi kuiona wala kuisikia mtu akiitaja. "Ukiipata, uniletee hata niisikieee tu, mpenziii." Nikatoka dukani nimekufa. Kama mwenye duka zima la santuri hana, nani anayo?

Ziara ya nne ikapita. "Tena. Tujaribu. Vizuri sana."

Nikaenda kwenye khitma, zamu ya mtu mwingine, nikasema hadharani. Sikujali tena. Nikasema natafuta santuri ya mume wangu, na malaika wanisamehe. Bibi wa puani ndiye aliyeniambia, maana na yeye aliwahi kukaa Mombasa: "Mmmwana wa yule Mmmuhindi wa gereji yuko Wembley. Anauza mmmasufuria." Mungu amweke. Tangu siku ile namwigiza kidogo kidogo tu.

Nikapanda treni mpaka Wembley. Duka lina masufuria yananing'inia mpaka kichwani, ubani, bizari, sanamu za miungu yao dirishani. Ndani kakaa mzee mwenye mvi, sauti imekwaruzika, kitambaa shingoni. Nikasema nimchangamshe. Nikamwigizia Kiswahili cha babu zao: "Bana kuba, mimi taka sufuria moja, veve fanya bei ya kitoto!"

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, wataka sufuria ama wataka kunicheka? Kama ni kunicheka, keti kwanza, usije ukachoka." Kimvita safi, kitamu kuliko changu. Nikaona haya, nikacheka, kisha nikalia palepale, mbele ya wateja wake.

Nilipomtaja mume wangu, akanyanyuka. Hakuwa na habari ya kiharusi. Walikuwa hawajaonana miaka, wako mji mmoja. Mkewe akatuletea chai. Nikamweleza binti wa maneno, ziara sita, wimbo unaokaa upande mwingine wa kichwa. Nikamuuliza santuri. Akawa anakoroga chai ambayo sukari yake imeyeyuka zamani.

"Ninayo," akasema. "Moja. Lakini shemeji, hayo ni mambo ya kale. Yaache yalale."

"Yalale vipi na mume wangu hasemi?"

"Hayatamsaidia."

"Wewe daktari?"

Akacheka kidogo, akasema duka linamngoja. Nikaenda tena wiki ya pili. Akasema hajui ameiweka wapi. Ziara ya tano ya binti wa maneno ikapita, hakuna. Nikaenda mara ya tatu, safari hii sikumwigizia mtu yeyote. Nilikaa kwenye kile kigoda chake, nikamwambia: "Kaka yangu, sikiliza. Sauti yake nimeisahau. Watoto hawana, mie sina, yeye mwenyewe hana. Iko kwenye hiyo sahani yako peke yake. Niazime nimrudishie. Nikibusu miguu yako utanipa?" Na nikainama kweli, na mguu wangu huu wa baridi yabisi, mpaka mkewe akatoka nyuma mbio kuniinua.

Mzee wa watu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Mkewe akamtazama. Akaufunga. "Jumapili," akasema. "Ntaileta mwenyewe."

Jumapili akaja, na gramafoni ya mkoba mkononi, na sahani ndani ya karatasi ya duka. Ya njano. Jumanne ilikuwa ndiyo ziara ya sita, ya mwisho. Nilikuwa nimemvisha mume wangu kanzu iliyopigwa pasi, nimemnyoa, nimempaka mafuta. Walipoonana, lo. Yule Muhindi alipiga magoti akamshika mkono uliokufa, akauweka shavuni, akasema, "Ndugu yangu, we! Wanizeekea bila ruhusa?" Mume wangu machozi yakamtiririka, na upande mmoja wa uso ukacheka. Nikasema hii ndiyo dalili. Tia sindano, tia!

Akatia. Kwanza mikwaruzo, kisha gitaa, kisha ngoma, na ile sauti ikajaza flati. Nifungulie, nifungulie. Binti yangu, ambaye alikuwa hajawahi kuisikia tangu azaliwe ila kwa mdomo wangu, maana gramafoni nyumbani hatukuwa nayo, alikaa chini kwenye zulia.

Mkono wa kushoto wa mume wangu ukaanza kwenda juu ya kiti. Vidole vinabana, vinaachia, vinabana. "Tazama vidole!" binti yangu akasema. Mie sikutaka vidole. Nilikuwa nataka mdomo. Nilimkodolea mdomo mpaka wimbo ukaisha. Haukusogea.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Nikaimba pamoja nayo, usoni mwake. Hakuna. "Rudisha." Hakuna. Mara ya nne, ya tano. Mume wangu akaanza kutikisa kichwa, machozi sasa siyo yale ya mwanzo, yalikuwa mengine. Nikayaona, wallahi niliyaona, nikajitia sikuyaona. Nikamshika taya. Kwa mikono hii mnayoitazama. Nikamfungua mdomo kwa nguvu kama unavyomfungua mtoto anayekataa dawa, nikampigia kelele: "Imba! Wewe ndiye mwenye sauti! Imba, Jumanne wanafunga! Kwangu mie humo wimboni ndimo ulimobaki, imba!" Yeye anajivuta nyuma na kiti chake, analia bila sauti. Binti yangu ananivuta mtandio: "Mama, unamuumiza! Mama!" Nikamwambia Muhindi, "Rudisha!"

Hakurudisha. Aliinua sindano. Ikabaki hita tu inagonga ukutani.

Yaliyofuata mnayajua. Jumanne binti wa maneno alikuja, akaandika, akafunga faili, akanikumbatia. Mume wangu aliishi mwaka na miezi baada ya hapo na hakusema neno, na mie sikumwomba tena, wala sikumwigiza mtu ndani ya nyumba ile mpaka tulipomtoa. Lakini hayo yalikuwa yamekwisha zamani, yalikwisha Jumapili ile, mikono yangu bado iko tayani mwake. Yule mzee wa masufuria aliivua mmoja mmoja, kidole kwa kidole, akasema:

"Muachie, shemeji. Aliyeimba ni mimi, tulimficha baba yangu. Huyu hajui kuimba."